Batri inayopumua: kutoka kobalti ya Kolwezi hadi lithiamu ya Manono

Maneno kwamba kobalti inakufa yamezunguka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zaidi ya mara moja. Bei ikishuka, wanunuzi kwenye madepo hupunguza malipo na kumwambia mchimbaji kwamba ng'ambo wamepata batri isiyohitaji kobalti. Mwezi wa pili mwaka wa 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, na maneno hayo yakaanza upya. Kati ya batri zinazotajwa, iko moja ambayo wengi huiona kama hadithi tu: batri ya lithiamu na hewa. Inasemekana hiyo haitaki kobalti, haitaki nikeli, inavuta hewa kama mtu.

Si hadithi. Batri hiyo ipo katika maabara, na wazo lake ni la zamani kuliko mgodi wowote wa kiwanda katika Katanga. Lakini historia yake haikubaliani na maneno ya madepo, na inafaa isimuliwe tangu mwanzo, kwa ajili ya wale wanaoishi juu ya madini na wale ambao vita viliwatoa katika vijiji vyenye madini.

Batri yoyote ina pande mbili na kitu cha kupitia katikati. Upande mmoja, anodi, hutoa. Upande wa pili, kathodi, hupokea. Elektroni, yaani chembe za umeme, hupita nje kwenye waya na kuwasha taa au simu. Wakati huohuo ayoni za madini, kama zile za lithiamu, huvuka ndani ya maji ya batri, ambayo wataalamu huyaita elektroliti, hadi zifike kwenye kathodi na kupata mahali pa kukaa. Kathodi basi ni kama nyumba ya wageni. Katika batri za simu nyumba hiyo ilijengwa kwa kobalti, na hapo ndipo tatizo lilipo: nyumba ina uzito kuliko wageni. Atomu moja ya kobalti ina uzito unaozidi mara nane ule wa atomu ya lithiamu. Kwa simu si kitu. Kwa gari linalotakiwa kwenda mbali, kila kilo ya nyumba inabebwa njia nzima.

Swali la kuiondoa nyumba na kuwapokea wageni kwa hewa lilianza mapema. Mwaka wa 1839 William Grove, mwanasheria wa Wales aliyependa sayansi, alipata umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni juu ya vipande vya platini. Platini haikuliwa wala kuisha. Ilikuwa pale tu kuzisaidia gesi mbili zipatane. Mwaka wa 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza batri ya zinki na manganizi, babu wa mawe ya tochi yanayouzwa hadi leo sokoni. Miaka kumi na miwili baadaye, 1878, Mfaransa mwingine, Louis Maiche, aliondoa manganizi katika batri ya namna hiyo na kuweka kaboni iliyopakwa platini kidogo. Kaboni ile ilivuta oksijeni kutoka hewani. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa bado haijazaliwa, ilianzishwa 1906, na tayari kulikuwa na kathodi ya hewa yenye chembe za madini ya kuharakisha kazi.

Batri za zinki na hewa ziliingia sokoni katika miaka ya 1930, kwanza kwa taa za ishara za reli. Leo ziko katika vifaa vidogo vya sikio vya watu wasiosikia vizuri. Aliyewahi kumsaidia mzee mwenye kifaa hicho anaijua: ni kama kifungo cha shati, na juu yake kuna karatasi ndogo ya kubandika. Ukiitoa karatasi, hewa inaingia kwenye vitundu na batri inaamka. Ikiisha inatupwa, kwa sababu kuirudishia moto ni kazi ngumu. Ugumu huohuo, wa kuvuta hewa na kisha kuitoa tena mara nyingi bila kuharibika, ndio uliowashinda watu wa lithiamu kwa muda mrefu.

Lithiamu yenyewe iligunduliwa Stockholm mwaka wa 1817 na Johan August Arfwedson, ndani ya jiwe lililotoka kisiwa cha Utö. Ni metali nyepesi kuliko zote, inaelea juu ya mafuta. Ina tabia ya kutoa elektroni kwa haraka sana, lakini ina hasira: ikikutana na maji inachemka na kuharibika. Ndiyo maana ilikaa miaka zaidi ya 150 kabla ya kuingia kwenye batri inayochajiwa.

Kilichoisukuma ni mafuta. Mwaka wa 1973 nchi za Kiarabu zilifunga mabomba, bei ya petroli ikaruka, na hata kampuni za petroli zenyewe zikaanza kulipia utafiti wa batri. Stanley Whittingham, aliyekuwa akifanya kazi Exxon, alionyesha mwaka wa 1976 batri ya lithiamu inayochajiwa, kathodi yake ikiwa ya titani na salfa. Katika miaka hiyohiyo wahandisi wa Lockheed huko Marekani walijaribu batri ya lithiamu yenye maji na hewa. Maji yaliila lithiamu, na kazi ile haikuzaa kitu cha kuuza.

Kisha ikaja Kolwezi. Mwezi wa tano 1978 wapiganaji waliotokea Angola waliuteka mji huo. Raia wengi waliuawa, Wakongomani na Wazungu, familia zikakimbilia porini na kwenye miji mingine, na askari wa Ufaransa na Ubelgiji wakaletwa kwa ndege. Kazi ya Gécamines ilivurugika. Zaire ya wakati ule ndiyo iliyotoa kobalti nyingi kuliko nchi yoyote, na bei ikapanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi. Viwanda vya Marekani, Ulaya na Japani vilishtuka. Vilianza kutengeneza sumaku bila kobalti, na kupunguza kobalti katika vyuma vya injini za ndege. Wazee wa Kolwezi wanaikumbuka vita ile kwa wafu wake. Wanunuzi wa kobalti waliikumbuka kwa namna nyingine, na woga wao wa kutegemea eneo moja lenye vita haujaisha hadi leo. Kila kampuni inayotangaza kwamba imepunguza kobalti inatembea katika njia iliyofunguliwa mwaka ule.

Jambo la ajabu ni kwamba miaka miwili tu baadaye kobalti ilipata kazi kubwa kuliko zote ilizokuwa nazo. Mwaka wa 1980, Oxford, John Goodenough na Koichi Mizushima pamoja na wenzao walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kupokea na kutoa lithiamu kwa nguvu ya volti 4 hivi. Akira Yoshino wa Japani aliiunganisha na kaboni mwaka wa 1985, na Sony wakaiuza kuanzia 1991. Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, mzee kuliko mshindi yeyote kabla yake. Leo Congo inatoa kama sehemu saba kati ya kumi za kobalti inayochimbwa duniani. (Koltani ya Rubaya, ambayo watu wa Masisi huambiwa mara kwa mara kwamba inaingia kwenye batri, haiingii. Tantali yake hutengeneza kapasita, vipande vidogo vinavyotuliza umeme ndani ya simu. Simu inayahitaji madini yote mawili, lakini si kwa kazi moja.)

Batri ya lithiamu na hewa kama inavyojulikana sasa ilizaliwa mwaka wa 1996. K. M. Abraham na Z. Jiang, wa EIC Laboratories katika jimbo la Massachusetts, waliacha maji kabisa. Kati ya lithiamu na hewa waliweka elektroliti iliyo kama plastiki laini. Upande wa kupokea waliweka kaboni yenye vitundu vingi, oksijeni ikaingia humo, ikakutana na lithiamu na kugeuka peroksidi ya lithiamu, kitu cheupe kigumu. Ili oksijeni ifanye kazi haraka, waliweka kichocheo ndani ya kaboni. Kichocheo hicho kilikuwa kiungo chenye kobalti katikati yake. Kwa hiyo hata batri iliyotakiwa kuachana na nyumba ya kobalti ilianza maisha yake na kobalti kidogo, safari hii si ukuta wa nyumba bali mpatanishi.

Neno hilo la mpatanishi linafaa kufafanuliwa, maana ndilo kiini cha miaka yote iliyofuata. Kichocheo ni kama mshenga. Anakwenda kati ya familia mbili, maneno yanapatana, ndoa inafungwa, naye anarudi kwake bila kuoa. Mshenga mmoja anaweza kufunga ndoa nyingi. Lakini metali hufanya ushenga huo kwenye uso wake tu, si ndani ya tumbo lake. Gogo zima linashika moto polepole, gogo hilohilo likipasuliwa vijiti vidogo linawaka mara moja, kwa sababu uso uliokutana na hewa umeongezeka. Watafiti walipasua metali hadi kufikia chembe za nanomita chache. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Gramu moja ya platini iliyopasuliwa hivyo ina uso mpana kuliko sakafu ya nyumba kubwa.

Haja ya mshenga ilionekana hasa wakati wa kuchaji. Batri ya lithiamu na hewa hutoa umeme kwa volti 2.7 hivi. Ili kuirudisha, peroksidi ivunjwe na oksijeni iende zake, bila kichocheo ilidai zaidi ya volti 4. Ni kama likelemba ambayo mtu anatoa franga 4,000 na siku yake ikifika anapewa 2,700. Hakuna atakayebaki katika likelemba hiyo. Tena peroksidi ni kama masizi kwenye bomba la moshi: inaziba vitundu vya kaboni, hewa inakosa njia, batri inazimika kabla ya wakati.

Mwaka wa 2006 kundi la Peter Bruce huko St Andrews, Scotland, lilionyesha kwamba peroksidi ile inaweza kuundwa na kuvunjwa mara nyingi, wakitumia oksidi ya manganizi kama kichocheo. Hapo fedha zikaanza kumiminika. Mwaka wa 2009 IBM ilitangaza mradi wa batri ya gari litakaloenda maili 500, kilomita 800 hivi, kwa chaji moja. Mwaka wa 2010 kundi la Yang Shao-Horn, katika chuo cha MIT, lilichanganya chembe za dhahabu na platini juu ya kaboni. Dhahabu ilisaidia wakati wa kutoa umeme, platini wakati wa kuchaji, na kwa kila sehemu 100 za umeme zilizoingia zikarudi 77. Kila maabara ilitaka mshenga wake: rutheni, paladi, iridi, oksidi za kobalti. Ilionekana kama kilichobaki ni kuchagua metali tu.

Mwaka uliofuata habari zikageuka. Bryan McCloskey na wenzake wa IBM, California, hawakuridhika na kupima volti peke yake. Waliunganisha batri na mashini ya kupima gesi, ili wajue ni nini hasa kinachotoka wakati wa kuchaji. Kama peroksidi inavunjika sawasawa, inapaswa kutoka oksijeni. Katika batri nyingi zilizotumia elektroliti ya kawaida, ilikuwa inatoka kaboni dioksidi. Maana yake batri haikuwa ikivuta na kutoa hewa. Ilikuwa ikichoma maji yake yenyewe. Na vichocheo vile vya bei, platini, dhahabu na manganizi, vilipojaribiwa katika elektroliti iliyo imara zaidi, havikupunguza volti za kuchaji. Sehemu ya sifa waliyopewa washenga ilitokana na kuharakisha uharibifu wa elektroliti. Mshenga alikuwa anaonekana hodari, kumbe anabomoa nyumba ya wakwe.

Ugunduzi huo unastahili heshima kuliko matangazo mengi yaliyoutangulia, kwa sababu ulitoka kwa watu waliokuwa na kila sababu ya kutaka batri ifaulu. Baada yake maswali yalibadilika. Badala ya kuuliza ni metali gani inayoshusha volti, watafiti walianza kuuliza ni kitu gani kinachobaki salama ndani ya batri baada ya kuchajiwa mara mia. Mwaka wa 2012 kundi la Bruce lilitoa jibu la kwanza: kathodi yote ya dhahabu yenye vitundu, bila kaboni. Baada ya mizunguko 100 ilikuwa bado na asilimia 95 ya uwezo wake. Kisayansi ulikuwa ushindi. Kwa dereva wa gari haukuwa kitu, kwa sababu dhahabu ni nzito na bei yake wachimbaji wa Kamituga wanaijua.

Njia iliendelea kidogo kidogo. Mwaka wa 2016 maabara ya Argonne, karibu na Chicago, iliweka chembe za iridi juu ya kaboni nyembamba, na ikapata kiungo kingine kabisa, superoksidi ya lithiamu, ambacho kinavunjika kwa urahisi zaidi kuliko peroksidi. Mwaka wa 2018 watafiti wa Chicago, pamoja na Argonne, walitumia molibdeni na salfa, metali isiyo ya anasa kama iridi, na batri ikazunguka mara 700 katika gesi iliyotengenezwa kufanana na hewa ya kawaida. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika. Majaribio mengi ya kabla yake yalitumia oksijeni safi kutoka kwenye chupa, maana hewa ya kweli ina unyevu na kaboni dioksidi, na vyote viwili huishambulia lithiamu. Batri inayohitaji kubeba chupa ya oksijeni haijaondoa uzito, imeuhamisha tu. Mwaka wa 2023 Illinois Institute of Technology na Argonne walitangaza batri ya elektroliti ngumu, isiyo na maji ya kuungua, yenye chembe za molibdeni na fosforasi kwenye kathodi. Ilivumilia mizunguko 1,000.

Hiyo ilikuwa batri ndogo ya majaribio. Hakuna duka linaloiuza, si Lubumbashi wala Chicago. Kwa hiyo batri ya hewa haijamnyang'anya mchimbaji wa Kolwezi hata gunia moja. Iliyomnyang'anya ni nyingine, isiyo na maajabu yoyote. Mwaka wa 1997 Goodenough huyohuyo, akiwa sasa Texas, alichapisha pamoja na wenzake kathodi ya chuma na fosfati, vitu vinavyopatikana karibu kila nchi. Ni nzito kidogo kwa umeme uleule, lakini rahisi na haishiki moto upesi. Viwanda vya China viliichukua, na leo karibu nusu ya batri za magari ya umeme duniani ni za namna hiyo. Kobalti bado iko ndani ya simu nyingi na magari mengi, lakini anayetafuta sababu ya bei ya depo atazame chuma hicho, na pia kobalti nyingi mno iliyotolewa na migodi mikubwa katika miaka ya karibuni. Batri ya hewa bado haijafika kwenye meza hiyo.

Kwa Manono hesabu ni tofauti. Huko, katika jimbo la Tanganyika, kampuni ya Kibelgiji Géomines ilichimba kasiteriti, jiwe la bati, kwa miongo mingi. Bwawa la umeme lilijengwa Piana Mwanga kwenye mto Luvua ili kuendesha mashini zake. Ndani ya mwamba uleule kulikuwa na spodumeni, jiwe lenye lithiamu, lakini wakati ule hakukuwa na wa kulitaka, likatupwa pamoja na mabaki. Machimbo ya kiwanda yalikufa katika miaka ya 1980. Vita vya 1998 hadi 2003 vilibomoa kilichobaki, kisha Manono, Mitwaba na Pweto zikaitwa pembetatu ya kifo, na kuanzia 2016 mapigano kati ya jamii yaliwafukuza tena mamia ya maelfu ya watu katika jimbo hilo. Vilima vya mabaki vilibaki mahali pake wakati watu wakikimbia.

Sasa vilima hivyo na mwamba ulio chini yake ni kati ya akiba kubwa za lithiamu duniani. Kampuni ya Australia, AVZ Minerals, na ya China, Zijin, zimekuwa zikigombania haki ya kuchimba, na kesi zimefika hadi kwa wasuluhishi wa kimataifa. Kathodi ikiwa ya kobalti, ya chuma au ya hewa, batri hizo zote zinahitaji lithiamu, na ile ya hewa inaitaka ikiwa metali tupu. Wakaaji wa Manono waliorudi makwao wanalima na kuchimba bati kwa mikono kandokando ya mwamba huo, wakisubiri kujua ni nani hasa atakayekuja kuzungumza nao kuhusu mashamba yao.